HUDUMA YA KWANZA NA UUGUZI WA NYUMBANI KWA JOGOO ALIYEJERUHIWA

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mikutano ya vyama vya msingi kwa kawaida huzungumza juu ya alizeti, pamba, mbegu, mizani na madeni ya pembejeo. Ni mara chache sana jogoo hutajwa katika ajenda. Hata hivyo hakuna mwanachama asiyefahamu kwamba katika miezi ile ambayo mazao yangali shambani na fedha za mauzo hazijafika, kuku ndiye anayenunua chumvi, sabuni, daftari la mtoto na nauli ya kwenda zahanati. Katika mikoa ya kati, kama vile Singida na Dodoma, kuku wa kienyeji hupakiwa katika matenga wakapelekwa hadi masoko ya Dar es Salaam, na fedha yao ikarudi vijijini, mara nyingi mikononi mwa akina mama.

Ndani ya kundi hilo jogoo ana nafasi yake. Jogoo mmoja mwenye afya huwatosha matetea kumi hivi. Akifa, matetea huendelea kutaga, lakini baada ya wiki mbili tatu mayai yao huwa hayana mbegu ya uhai; yatalaliwa siku 21 na hapatatoka kifaranga. Tena mara nyingi jogoo huyo huyo ndiye anayehudumia kuku wa nyumba tatu nne za jirani, kwa kuwa kuku wa kienyeji hawaujui mpaka wa uwanja. Kwa hiyo hasara ya jogoo mmoja si ya mwenye banda peke yake.

Jambo kuu la mazungumzo haya ni moja. Jogoo aliyejeruhiwa mara nyingi hauawi na jeraha lenyewe, bali huuawa na yale yanayofuata: damu isiyozuiwa, hofu pamoja na baridi, na uchafu unaoachwa ndani ya jeraha. Yote matatu yamo katika uwezo wa mfugaji, nyumbani kwake, kwa vitu alivyo navyo. Lipo na la nne, nalo ni dawa kali za kubahatisha. Hilo halitoki kwa mwewe wala kwa kicheche. Hutoka mkononi mwa mfugaji mwenyewe.

SAA YA KWANZA

Jogoo hujeruhiwa kwa njia nyingi. Hupigana na mwenzake, hunyakuliwa na mwewe akaponyoka, huvamiwa usiku na kicheche, nguchiro au paka wa mwituni, huumwa na mbwa, hugongwa na pikipiki, au hunasa mguu katika waya. Vyovyote iwavyo, la kwanza si dawa. La kwanza ni kumwondoa kundini. Kuku wengine wakiona damu huanza kudonoa, na jeraha dogo la asubuhi huwa shimo ifikapo jioni.

Asifukuzwe uwanja mzima na watoto wakimpigia kelele. Jogoo aliyepoteza damu akikimbizwa aweza kufa mikononi mwa yule yule anayetaka kumsaidia. Yafaa asogezwe pembeni taratibu, kisha afunikwe kwa kanga kuukuu iliyo safi, mabawa yakiwa yamekunjwa ubavuni. Akifunikwa macho hutulia. Asibebwe kwa miguu kichwa kikiwa chini. Wala kifua chake kisibanwe: ndege hana ule msuli mpana utenganishao kifua na tumbo ambao humsaidia binadamu kuvuta pumzi. Yeye hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kidari. Mkono unaokaza kidari humnyima hewa hata kama mdomo wake uko wazi.

Mshikaji naye ajilinde. Kipi, yaani ule mwiba mgumu ulio nyuma ya mguu wa jogoo, huchoma sana. Mkono mmoja ushike miguu yote miwili kwa upole, na mwingine ubebe mwili. Mtu akichomwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, kisha aende zahanati kuuliza juu ya chanjo ya pepopunda.

Jogoo akishatulia, achunguzwe kwa mpango: kwanza kupumua kwake, kisha damu, kisha mifupa, na mwisho majeraha madogo. Manyoya huficha mengi. Ni lazima yapulizwe au yapanguliwe kwa vidole chini ya mabawa, mgongoni, chini ya mkia na nyuma ya shingo. Mfugaji anayetibu upanga wa kichwani kwa sababu ndio unaoonekana aweza kuliacha tundu la jino lililo chini ya bawa.

KUZUIA DAMU

Jogoo wa kilo 2 ana damu chache. Damu yake yote haifiki robo lita. Ndiyo maana tone linaloonekana dogo kwa binadamu si dogo kwake. Damu izuiwe kwa kugandamiza. Kitambaa safi kilichokunjwa kiwekwe juu ya jeraha na kikandamizwe kwa vidole, kwa nguvu ya kiasi, kwa muda wa dakika 5 hadi 10 bila kufunuliwa. Kosa linalofanywa na wengi ni kufunua kila mara kutazama kama damu imekatika. Kila kinapofunuliwa, donge la damu lililoanza kushika hubanduka na kazi huanza upya.

Upanga wa kichwani na ndevu zilizo chini ya mdomo hutoa damu nyingi kwa sababu mishipa yake ni mingi na iko karibu na ngozi. Mfugaji asiogope, hufunga vizuri vikigandamizwa. Kucha iliyokatika, au ncha ya kipi iliyovunjika, yaweza kupakwa unga laini mkavu wa mahindi ukakandamizwa hapo mpaka damu ishike. Unga huo usitiwe ndani ya jeraha lenye kina, maana utakuwa chakula cha vijidudu.

Wakati mwingine gamba lote la nje la kipi huchomoka, likabaki jiti jekundu lenye damu. Hilo nalo ligandamizwe, lisafishwe, lifunikwe kwa shashi. Gamba jipya hukua tena baada ya muda. Hali kadhalika unyoya mchanga wa bawa au mkia ukivunjika hutoa damu, kwa kuwa unyoya unaoota una mshipa ndani yake. Nao hugandamizwa vivyo hivyo.

KUTULIZA NA KUTIA JOTO

Damu ikishakatika, jogoo awekwe mahali pa peke yake: tenga, sanduku la mbao au boksi kubwa lenye matundu ya hewa, chini kukiwa na nguo kuukuu au nyasi kavu safi. Mahali hapo pawe na giza kiasi, pasiwe na upepo, moshi wala kelele. Mwili wa kuku mwenye afya una joto la nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, zaidi ya la binadamu. Aliyepoteza damu au kuogofywa hupoa upesi: miguu huwa baridi, upanga hupauka, macho hufumba. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa tenga yamtosha. Iwekwe upande mmoja tu, ili akiona joto limezidi apate pa kujisogeza. Akihema mdomo wazi huku ametandaza mabawa, joto limezidi.

Asilazimishwe kula katika saa hizo za kwanza. Maji ndiyo muhimu. Yawekwe kwenye bakuli fupi lisiloweza kupinduka, mahali ambapo mdomo wake unafika bila kusimama. Siku ya kwanza yafaa kuongeza kijiko kimoja cha mezani cha sukari katika lita moja ya maji safi, pamoja na chembe chache za chumvi, kiasi cha kuchotwa kwa ncha za vidole viwili. Chumvi isizidi, kwani chumvi nyingi humdhuru kuku. Siku ya pili arudishiwe maji matupu.

Yupo mfugaji ambaye, kwa huruma, humfungua jogoo mdomo na kummiminia maji kama mtoto anyweshwaye uji. Hiyo ni hatari kubwa. Tundu la njia ya hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi, wazi, na maji yanayomiminwa huingia mapafuni. Kama jogoo hawezi kunywa mwenyewe, ncha ya mdomo wake ichovywe katika maji, au tone moja moja lidondoshwe pembeni mwa mdomo, naye angojewe ameze kabla ya tone jingine. Asiyeweza kuinua kichwa asinyweshwe kabisa.

KUSAFISHA JERAHA

Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza. Maji yachemshwe yakapoa, na katika kila nusu lita kitiwe kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Haya ni ya kuoshea, si ya kunywa. Yavutwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yasukumwe juu ya jeraha mpaka udongo, damu iliyoganda na vipande vya manyoya vitoke. Manyoya yanayolizunguka jeraha yakatwe kwa mkasi, yasing'olewe. Kung'oa huumiza na kupasua ngozi iliyo nyembamba.

Baada ya hapo dawa ya iodini, ile ya rangi ya kahawia inayouzwa katika maduka ya dawa, ichanganywe na maji yaliyochemshwa hadi iwe na rangi ya chai hafifu, kisha ipakwe juu ya jeraha. Isipopatikana, asali safi isiyochanganywa na kitu yafaa kupakwa kwa utando mwembamba. Asali imejulikana tangu zamani kwa kuzuia vijidudu katika majeraha. Ila huita sisimizi. Kwa hiyo tenga liwekwe juu ya meza au kigoda ambacho miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji.

Majeraha madogo ya upanga, ya uso na ya miguu huachwa wazi yakauke. Yaliyo mahali panapoguswa na uchafu yafunikwe kwa shashi na bandeji, ibadilishwe kila siku. Mafuta mazito yasipakwe ovyo juu ya manyoya, kwa kuwa manyoya yaliyoloa mafuta hayahifadhi joto.

MAJERAHA YA MENO

Jeraha la meno ya mbwa, paka au kicheche lisidharauliwe. Juu huonekana tundu dogo kama la msumari, lakini ndani nyama imepondeka, na vijidudu vya kinywani mwa mnyama vimeingizwa chini ya ngozi. Tundu hilo likishonwa au kuzibwa, usaha hujikusanya ndani, na jogoo aliyeonekana mzima siku ya kwanza hukutwa amekufa siku ya tatu. Lioshwe mara nyingi, liachwe wazi, na afisa mifugo aitwe siku hiyo hiyo, maana hapa mara nyingi dawa ya kuua vijidudu huhitajika.

Baada ya kuumwa, ngozi yaweza kuvimba kama mfuko uliopulizwa. Hiyo ni hewa inayovuja kutoka katika vifuko vya hewa vya mwilini. Asiitoboe mtu asiyefundishwa.

Kama mbwa huyo amemuuma mtu pia, jogoo na asubiri. Jeraha la mtu lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, naye apelekwe hospitali bila kukawia kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Jogoo hupatikana mwingine, mtu hapatikani.

MIFUPA ILIYOVUNJIKA

Mfupa wa mguu, sehemu ile ya chini yenye magamba, ukivunjika bila kutokeza nje, waweza kufungwa nyumbani. Pamba au kitambaa laini kizungushwe kwanza, kisha vijiti viwili vyepesi, au kipande cha mwanzi kilichopasuliwa, viwekwe pande mbili na kufungwa kwa bandeji. Vidole vya mguu vitazamwe kila asubuhi na jioni: vikivimba au kuwa baridi, kifungo kimekaza mno. Bawa lililovunjika likunjwe katika hali yake ya kawaida na lifungwe ubavuni kwa bandeji pana, bila kubana kidari. Mifupa ya ndege huunga upesi, yapata wiki tatu, lakini katika muda huo jogoo asiruhusiwe kuruka.

Yapo matatu yasiyoingia katika kazi ya nyumbani: mfupa uliotoboa ngozi, mfupa wa paja, na mfupa wa juu wa bawa ulio wazi. Huu wa mwisho una uwazi unaoungana na njia za hewa. Maji yakimiminwa katika jeraha lake hufika mapafuni.

SIKU ZINAZOFUATA

Uuguzi ni kazi ya kila siku, na mwenye kuifanya awe mmoja anayejulikana. Asubuhi na jioni mambo manne yatazamwe: jeraha, kifuko cha chakula, kinyesi, na kidari. Jeraha linalopona hukauka na halinuki. Kifuko cha chakula kilicho shingoni kiwe kimejaa jioni na kitupu asubuhi. Kikiwa kitupu jioni, hajala. Kinyesi cha kijani chenye majimaji mara nyingi huonyesha kwamba tumbo halina kitu. Kidari kikizidi kuchongoka siku hadi siku, jogoo anakonda. Apewe chakula laini na kidogo kidogo: pumba iliyoloweshwa, yai lililochemshwa na kupondwa, mchicha uliokatwa, dagaa waliosagwa.

Adui mkubwa wa siku hizo ni nzi. Nzi akitaga juu ya jeraha, funza huweza kuonekana kabla ya siku mbili kwisha. Tenga lifunikwe kwa chandarua kuukuu, matandiko yabadilishwe kila siku, na kinyesi kinachogandamana chini ya mkia kioshwe. Funza wakionekana, watolewe mmoja mmoja kwa kibanio, na jeraha lioshwe kwa yale maji ya chumvi mpaka pasibaki hata mmoja.

YALE YASIYOFAA

Mafuta machafu ya injini, maji ya betri, mafuta ya breki, mafuta ya taa, sabuni ya unga, tumbaku na dawa za kunyunyizia pamba au kuogeshea ng'ombe visitiwe katika jeraha. Huunguza nyama iliyo hai, na vingine ni sumu inayoingia mwilini kupitia jeraha. Majivu na samadi navyo huingiza uchafu. Jeraha huonekana limekauka juu, kumbe chini linaoza.

Vidonge vya binadamu visigawanywe kwa kukisia. Kipimo cha mtu wa kilo 60 hakigeuzwi kipimo cha jogoo wa kilo 2 kwa kuvunja kidonge kwa kisu. Tena kuna madhara yanayovuka banda: dawa za kuua vijidudu zikitolewa ovyo, vijidudu huzizoea, na siku mtoto wa nyumba hiyo hiyo atakapougua, dawa huenda isimsaidie. Afisa mifugo akitoa dawa, mfugaji aulize mambo mawili: itolewe kwa siku ngapi, na baada ya dawa kwisha zipite siku ngapi kabla ya nyama au mayai kuliwa. Siku hizo ziandikwe ukutani.

SI KILA ACHECHEMEAYE AMEJERUHIWA

Mfugaji aweza kumwona jogoo amelala upande, shingo imepinda, akadhani amepigwa. Shingo kupinda, bawa au mguu kupooza, kuhema, na kinyesi cha kijani zaweza kuwa dalili za mdondo, ambao pengine huitwa kideri. Magamba meusi juu ya upanga na usoni yaweza kuwa ndui ya kuku. Wakionekana kuku wawili watatu katika hali moja, hilo si jeraha. Ni ugonjwa, na taarifa itolewe mara moja kwa afisa mifugo. Asiuzwe kuku yeyote wa banda hilo wakati huo, wala wasihamishwe. Mdondo hauna tiba. Una chanjo. Chanjo ya I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingine nyingi za mdondo, hutolewa kwa tone moja jichoni kwa kuku wenye afya, ikarudiwa kila baada ya miezi 3 au 4.

KUUGUZA AU KUCHINJA

Hapa pana neno linalosemwa vijijini, nalo si la kubezwa: jogoo aliyeumia ni kitoweo. Familia isiyo na kitu haiwezi kulaumiwa kwa kuliwaza. Lakini uamuzi huo ufanywe mapema na kwa akili, usingojewe mpaka jogoo azidiwe.

Kama mfupa umetokeza nje, kama tumbo limepasuka na utumbo unaonekana, kama mgongo umevunjika na miguu yote miwili haisikii, au kama chakula na maji vinatoka kwenye jeraha la shingo na hakuna afisa mifugo wa kulishona, kumchinja ni huruma. Kumwacha siku tatu akiteseka si subira. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kuku ni mmoja wao. Aliyechinjwa upesi baada ya ajali, akiwa hana ugonjwa wala hajapewa dawa, nyama yake yaweza kuliwa, sehemu zilizopondeka zikitupwa. Aliyekwisha kupewa dawa, au ambaye jeraha lake linanuka, asiliwe. Aliyekufa mwenyewe ni kibudu. Afukiwe shimo refu, mbali na kisima, wala asitupiwe mbwa.

Kama hakuna hata moja kati ya hayo, na jogoo anapumua vizuri, anainua kichwa na kunywa, basi auguzwe. Jeraha la upanga, la ngozi ya mgongo au la kipi, hata likitisha kwa kutazama, mara nyingi hupona.

KURUDISHWA KUNDINI

Jogoo aliyekaa pembeni wiki mbili hurudi akiwa mgeni kwake. Cheo chake kimekwisha kuchukuliwa, na majogoo wachanga waliomwogopa jana humpima nguvu leo. Akiachiliwa tu katikati ya uwanja, majeraha yote hufunguka upya. Kwanza aondolewe bandeji na jeraha liwe limefunga kabisa. Kisha awekwe siku kadhaa katika tenga au nyuma ya wavu, mahali ambapo kundi linamwona lakini haliwezi kumfikia. Baadaye arudishwe jioni kuku wakiwa wamekwisha panda kulala, na asubuhi yake mtu awepo kutazama.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hiyo ni nzuri, lakini kamba yenyewe imewalemaza majogoo wengi. Uzi wa katani au nailoni unaoachwa mguuni hukata nyama taratibu mpaka kufikia mfupa, na vidole vikafa. Mgeni azuiwe kwa tenga, si kwa uzi.

KUZUIA NI BORA

Majogoo wakizidi mahitaji ya kundi, vita havikwishi, hasa kwa kuku wa aina ya Kuchi ambao ni warefu na wagomvi. Wanaozidi wauzwe mapema wangali wazima, kwa bei nzuri, kabla hawajavunjana. Ncha kali ya kipi yaweza kulainishwa kwa tupa, ncha peke yake, kwa kuwa ndani zaidi mna mfupa na damu. Banda lizibwe nyufa zote za chini na mlango ufungwe kabla ya giza, kwani kicheche hupita mahali ambapo mtu hadhani kama panapitika. Vichanja vya kulalia visiwe juu sana kwa majogoo wazito. Wakishuka kwa kishindo hupasua nyayo, na kidonda cha unyayo ni kigumu kupona. Misumari, vioo na vipande vya waya viokotwe uwanjani.

KAZI YA CHAMA CHA MSINGI

Mwanachama mmoja mmoja aweza kushindwa kununua vitu vyote vilivyotajwa, na pengine akavihitaji mara moja tu kwa mwaka. Chama hakishindwi. Yafaa kila ofisi ya chama iwe na sanduku dogo lenye iodini, shashi, bandeji tatu nne za upana mbalimbali, pamba, mkasi, kibanio, bomba la sindano lisilo na sindano, mipira ya kuvaa mikononi na sabuni. Ndani ya kifuniko ibandikwe karatasi yenye namba ya simu ya afisa mifugo wa kata.

Pamoja na sanduku kiwepo kitabu. Katibu aandike tarehe, kilichomjeruhi jogoo, kilichofanyika, na kama alipona au alikufa. Kazi ya kitabu hicho si ya sasa tu. Mwisho wa mwaka kamati ikikifungua na kukuta majogoo watano wameumwa na mbwa wasio na mwenyewe, au mabanda ya mtaa mmoja yamevamiwa na kicheche mara kwa mara, itajua pa kuanzia. Hapo mazungumzo ya kamati hayatakuwa tena juu ya bandeji. Yatakuwa juu ya mbwa, juu ya milango ya mabanda, na juu ya siku ya chanjo, na uamuzi utakaopitishwa utamlinda hata mwanachama ambaye jogoo wake hajawahi kuumizwa.

Makatibu wanaombwa wayasome mazungumzo haya katika mkutano wa wanachama ulio karibu, na hasa mbele ya akina mama wanaolisha kuku kila asubuhi. Sehemu ya kuzuia damu na ile ya kunywesha maji zisomwe mara mbili, kwa kuwa hizo ndizo zinazohitajika katika saa ambayo hakuna muda wa kutafuta karatasi.